"Nashuka Ipogolo" kwa Kiingereza: mwongozo kamili wa kuandika kupanda na kushuka

Basi la kutoka Dar es Salaam likishamaliza Kitonga na kupita Ilula, linakaribia Ipogolo, chini ya kilima cha Iringa mjini, na konda anaanza kuuliza: "Ipogolo kuna wa kushuka?" Abiria wa kiti cha nyuma anajibu, "Nashuka Ipogolo." Saa hiyohiyo, juu mlimani Iringa mjini, muuza duka anafunga mlango na kumuaga jirani yake: "Mi nashuka Ipogolo." Maneno ni yaleyale mawili na hakuna Mswahili wa kuyachanganya, kwa sababu mmoja yuko ndani ya basi na mwingine yuko juu ya kilima.

Kiingereza hakina neno moja la kuwahudumia wote wawili. Abiria atasema "I'm getting off at Ipogolo." Muuza duka atasema "I'm going down to Ipogolo." Mwanafunzi, karani au mwongoza watalii anayeandika kwa Kiingereza bila kuitambua tofauti hiyo ataandika kitu kama "I climbed the car in Mbeya and I dropped at Mafinga." Mswahili mwenzake ataelewa mara moja. Msomaji asiyejua Kiswahili ataona picha nyingine kabisa: mtu aliyekwea gari dogo kwa mikono na miguu, kama mtu anayekwea mwembe, kisha akadondoka chini Mafinga.

Mwongozo huu unashughulikia familia moja tu ya vitenzi vya mwendo: "get on", "get off", "get in" na "get out of", pamoja na ndugu zao wachache wasiokwepeka. Ni familia ndogo, lakini barua, insha au ripoti yoyote yenye safari ndani yake itaidai.

Chanzo cha makosa

Kiswahili huweka upande wa mwendo ndani ya kitenzi chenyewe. Panda, shuka, ingia, toka, vuka, pita: ukisikia kitenzi tu, umeshajua mtu anaelekea wapi. Kiingereza cha kila siku hugawa kazi hiyo mara mbili. "Get" peke yake haisemi upande wowote. Inasema tu kwamba hali imebadilika, mtu alikuwa hivi na sasa yuko vile. Upande unabebwa na kijineno kinachofuata: "on", "off", "in", "out".

Kwa hiyo kile kijineno si pambo. Ndicho kinachofanya kazi ambayo kwetu inafanywa na "shuka" nzima. Mwanafunzi anayekariri kwamba "get" maana yake ni "pata" halafu akaona vijineno ni mapambo ya nyuma, atakosea kila mara, na hata kamusi haitamsaidia. Kariri maneno yote mawili kama kitenzi kimoja: "get-off" ni shuka, "get-on" ni panda. Kistari hicho ni cha kichwani tu, kwenye karatasi usikiandike.

Hatua ya kwanza: jua "panda" yako ni ipi

Kabla ya kugusa Kiingereza, tazama sentensi ya Kiswahili iliyo kichwani mwako. "Panda" ina maana angalau tatu zinazohusu mwendo, na kila moja ina njia yake.

Kama ni kuingia kwenye chombo cha usafiri, ndiyo hii yetu: "get on" au "get into". Kama ni kukwea mlima, mti au ngazi, ni "climb" au "go up": "We climbed Mount Rungwe." Kama ni kiwango kuongezeka, kama bei ya mahindi au ya viazi, ni "go up": "The price of potatoes has gone up." Upande wa "shuka" ni vivyo hivyo: chombo ni "get off", mteremko ni "go down", na bei, joto au maji ya mto ni "go down" au "fall".

Watu wa nyanda za juu wanahitaji kuwa makini hapa kuliko watu wa pwani, maana huku mwinuko na usafiri vinakwenda pamoja. Kutoka Mbeya, iliyo kwenye kimo cha mita kama 1,700, mtu "anashuka" Kyela hadi karibu mita 500, ukingoni mwa Ziwa Nyasa. Hiyo ni "go down to Kyela". Basi likisimama Kyela na abiria akakanyaga chini, ameshuka mara ya pili, na hiyo ndiyo "get off". Katika sentensi moja: "We went down to Kyela and got off at the bus stand." Ukiandika "We got down to Kyela", msomaji anasita, na ukiandika "I went down from the bus", anajiuliza basi lilikuwa limesimama wapi.

Kuna neno jingine la kukagua katika hatua hiihii: gari. Kwetu gari ni chochote chenye magurudumu na injini. Mtu anasema "nimepata gari la Njombe" akiwa amekaa ndani ya basi la abiria 60. Kwa Kiingereza "car" ni gari dogo tu la watu wanne au watano. Ukiandika "car" mahali pa basi, umeshaharibu hatua ya pili kabla hujaifikia, kwa sababu kijineno kinachaguliwa kwa kuangalia chombo. Basi ni "bus", kosta na haisi ni "minibus", lori ni "lorry", na teksi ni "taxi".

Hatua ya pili: acha chombo kikuchagulie kijineno

Jiulize: ndani ya chombo hiki, abiria wanasimama na kutembea? Kama ndiyo, ni "on" na "off". Basi, treni ya TAZARA, ndege inayotua Songwe na meli ya Ziwa Nyasa zote zinaingia hapa. Sakafu yake ni kama jukwaa, unapanda juu yake na kushuka kutoka kwake.

Je, unainama, unaingiza mguu mmoja, kisha mwili, unakaa na kufunga mlango? Hapo ni "get into" na "get out of". Gari dogo, teksi, na kichwa cha lori anapokaa dereva na utingo wake viko kundi hili. Mtumbwi pia, kwa sababu unakaa ndani ya shimo lake. Anayesemwa yuko "on the canoe" anafikiriwa amekalia mtumbwi uliopinduka.

Je, unakaa juu yake kwa kutanua miguu? Tunarudi kwenye "on" na "off": bodaboda, baiskeli, punda, farasi. "Get into a motorcycle" haiwezekani, maana pikipiki haina ndani. Hili ni kosa la mara kwa mara, na linatokea kwa sababu mwanafunzi amekariri kwamba chombo kidogo ni "in". Ukubwa siyo kipimo, umbo ndilo kipimo.

Vyombo vyetu vingine vinahitaji uamuzi. Haisi ya daladala hairuhusu mtu kusimama wima, lakini Kiingereza huihesabu pamoja na mabasi kwa sababu ina ruti, vituo na nauli ya kila abiria. Andika "get on the minibus". Bajaji tunashauri "get into" na "get out of", hata pale inapobeba watu watatu wasiojuana kutoka Kabwe, kwa kuwa ina kibanda unachoingia na kukaa. Noah ya abiria ni gari dogo la milango ya pembeni. Nayo "get into". Lori lina majibu mawili: aliyekaa mbele na dereva "got into the lorry", aliyekaa juu ya magunia ya viazi "climbed onto the back of the lorry". Na huyu wa juu ya magunia ndiye pekee katika orodha yetu anayeweza kuandikiwa "climb" bila wasiwasi, kwa kuwa kweli alikwea.

Ukitaka kuona uzito wa kijineno hiki, chukua tangazo la hifadhi. Kutoka Iringa mjini hadi Hifadhi ya Ruaha ni kama kilomita 130, na ndani ya hifadhi mgeni hatakiwi kutoka nje ya gari ovyo. Sentensi sahihi ni "Do not get out of the car." Ukiandika "Do not get off the car", mgeni ataelewa kwamba kuna watu wamekaa juu ya boneti au juu ya paa na wanaambiwa wabaki huko. Tangazo lililokusudiwa kuwaweka watu ndani limewaweka juu.

Hatua ya tatu: funga kijineno na jina la chombo

Hapa kuna mambo madogo mengi, na ndipo alama nyingi zinapopotea.

"Off" haitaki msaada. Ni "get off the bus". Usiongeze "from": "get off from the bus" inatokana na "shuka kutoka kwenye basi". Usiongeze "of" pia. "Get off of the bus" husikika sana kwa Wamarekani wanapozungumza, lakini katika maandishi ya shule na ya ofisi nchini, yanayofuata Kiingereza cha Uingereza, itasahihishwa.

"Out" ni kinyume chake: inataka "of" kila inapofuatwa na jina la chombo. "She got out of the taxi." Jina lisipotajwa, "of" inaondoka: "The taxi stopped and she got out." Mwanafunzi akichanganya kanuni hizi mbili anapata "got off of" na "got out the car" katika aya moja.

"In" na "into" zote zinakubalika mbele ya jina la gari, ila katika maandishi "into" inakaa vizuri zaidi. Jina lisipokuwepo ni "in" pekee: "He opened the door and we got in."

Usisahau "a" na "the". Kiswahili hakina vijineno hivyo, kwa hiyo "I got off bus" inatoka kalamuni kirahisi mno. Chombo kikitajwa mara ya kwanza kinapewa "a", kikirudi kinapewa "the": "I got on a bus at Mafinga. Two hours later I got off the bus."

Mwisho, jozi. "On" inafungwa na "off", "into" inafungwa na "out of". Ukimaliza aya, rudi na penseli: kila chombo ulichopanda kwa "got on" lazima ukishuke kwa "got off". Abiria aliye-"got on the bus" halafu aka-"got out of the bus" hajafanya kosa kubwa, maana mtu anaweza kutoka nje ya basi, hasa likiwa limeharibika au linawaka moto. Lakini katika safari ya kawaida jozi ikivunjika, msomaji anahisi kuna jambo lililotokea.

Hatua ya nne: mahali, na ile "-ia" ya nilishukia

Kiswahili kina kauli ya kutendea inayobeba mahali: nilipandia Uyole, nilishukia Makambako. Kile kiambishi kidogo ndicho "at" ya Kiingereza. "I got on at Uyole and got off at Makambako." Hakuna haja ya kutaja basi tena kama limeshatajwa.

Kwa kituo, stendi au njia panda tumia "at". Kwa mji mkubwa unaousemea kama mji, "in" nayo inakubalika: "We got off in Mbeya." Epuka kabisa kuandika "on" baada ya "get off". Si kosa la sarufi tu. "Get off on" ina maana nyingine ya mtaani, isiyo ya heshima, na barua ya kuomba kazi si mahali pake.

Katika maswali, "where" imeshabeba mahali, kwa hiyo "Where did you get off?" imekamilika. Ukiuliza kwa "which stop", hapo "at" inarudi mwishoni: "Which stop did you get off at?" Kuweka vyote viwili, "the stop where I got off at", ni kulipa nauli mara mbili.

Halafu kuna "kushukia" isiyokuwa ya basi. "Tulishukia kwa shangazi, Tukuyu" maana yake tulifikia kwake, tulilala kwake. Hiyo siyo "get off", ni "We stayed with our aunt in Tukuyu." Ukiandika "We got off at our aunt", shangazi amegeuka kituo cha basi.

Na "kuingia" mji, kama katika "tuliingia Mbeya saa 2 usiku", siyo "entered". Andika "We got to Mbeya at 8 p.m." au "The bus got in at 8 p.m." Ukipenda "reach", kumbuka haitaki kijineno chochote: "We reached Mbeya." Ile "reached at Mbeya" inayopatikana katika madaftari ya sekondari kuanzia Tunduma hadi Ilula inatokana na "tulifika kwenye", na inapaswa kufutwa.

Hatua ya tano: shusha, pakia, pitiliza

Konda naye ana vitenzi vyake, na hapa mpangilio wa maneno unabadilika.

"Shusha mtu" ni "drop off" au "let off". "Chukua mtu njiani" ni "pick up". Tofauti yao na "get off" ni kwamba vinaweza kupasuliwa katikati, na kiwakilishi lazima kikae katikati. "The driver dropped us off at Uyole." Huwezi kuandika "dropped off us". Kama ni jina kamili, pande zote mbili zinafaa: "dropped the children off" au "dropped off the children". "Get off" ya abiria haipasuki hata kidogo. "I got the bus off" ingemaanisha uliling'oa basi kutoka mahali fulani, labda kutoka barabarani lilipokwama.

Sasa inaonekana kwa nini "I dropped at Mafinga" ni kosa. Anayefanya kitendo cha "drop off" ni dereva au konda. Wewe unashushwa: "I was dropped off at Mafinga." Au unashuka mwenyewe: "I got off at Mafinga." "Drop" peke yake, bila kitu cha kuangushwa, ni kuanguka. Lakini ukiangusha kitu inakuwa sahihi tena: "I dropped my phone as I was getting off the bus." Sentensi hiyo ni nzuri kwa taarifa ya polisi, na inaonyesha vitenzi viwili vilivyochanganywa vikiwa kila kimoja mahali pake.

Sauti ya abiria, "Nishushie hapa", ni "Let me off here, please" au "Drop me off here, please." Mizigo kushushwa ni "unload": "They unloaded the potatoes." Ukitaka "get" nayo inaingia, na safari hii inapasuka kwa sababu kuna kitu kinachoshushwa: "We got the bags off the bus."

Kupitilizwa hakuna neno moja kwa Kiingereza. Usiandike "The bus passed me". Hiyo ni basi lililokupita ukiwa umesimama barabarani. Andika "I missed my stop", na kama kosa ni la konda, "The conductor forgot to let me off."

Kubadilisha gari, kama wafanyavyo Makambako wanaokwenda Njombe na Songea, ni "change buses", kwa wingi, kwa kuwa mabasi ni mawili: "We changed buses at Makambako." "I changed the bus" inaweza kusomeka kwamba ulilifanyia basi lenyewe mabadiliko.

Hatua ya sita: wakati, na lile tatizo la "nimepanda"

Mtu anakupigia simu: "Nimepanda gari, niko Chimala." Kwa Kiswahili "nimepanda" inabeba tendo la kupanda na hali ya kuwa ndani baada ya kupanda, vyote pamoja. Kiingereza kinavitenga. Tendo ni "get on", hali ni "be on". Mtu wa Chimala alishapanda zamani. Sasa yuko katika hali. Kwa hiyo: "I'm on the bus. We're at Chimala." Sentensi "I have got on the bus" inafaa dakika ileile ulipokanyaga ndani, na si baada ya saa tatu za safari. Ukimwomba mtu abaki ndani, ni "stay on": "Stay on until Uyole."

Kama unachosimulia ni safari yote na si ule mguu wa kwanza mlangoni, "panda" inakuwa "take". "Nilipanda basi la Songea" ni "I took the bus to Songea." Tumia "got on" pale tu tendo lenyewe la kuingia lina maana katika habari yako: uliingia kwa shida, uliingia la mwisho, uliingia ukagundua umesahau begi.

Saa nayo inaponza wengi. Basi la saa 12 asubuhi ni "the 6 a.m. bus". Ongeza au punguza saa 6, halafu hakiki kama ni asubuhi au jioni. Ukiandika "I got on the 12 o'clock bus", msomaji anakuona ukipanda mchana kweupe.

Tahajia ni fupi. Wakati uliopita wa "get" ni "got". "Getting" ina "t" mbili na "dropped" ina "p" mbili. Na "off" ina "f" mbili, sharti. "I got of the bus" ni kosa la sikio: kwa matamshi yetu "of" na "off" zote zinatoka kama "ofu". Kwa Mwingereza "of" inatamkwa "ov", kwa hiyo hazichanganyi kirahisi. Kama kalamu inasita, jaribu kuweka "on" mahali pake. Sentensi ikigeuka kuwa kinyume chake lakini ikabaki sentensi, ulihitaji "off". "I got on the bus" inasimama, basi iliyokusudiwa ni "off". "A cup on tea" haisimami, basi pale ni "of".

Aya moja, kosa kwa kosa

Chukua aya ya aina inayopatikana katika insha za likizo:

"I climbed a car at Mafinga at 1 o'clock in the morning. When we reached at Uyole I dropped and entered in another car to Tukuyu. The conductor passed me so I get of very far and I took motorcycle."

"Climbed a car": chombo ni basi, na kitendo ni kupanda kwa abiria, hivyo "got on a bus". "1 o'clock in the morning": mwandishi alimaanisha saa 1 asubuhi, yaani "7 a.m."; alichoandika ni saa 7 usiku, na msomaji ameanza kumhurumia bure. "Reached at": ondoa "at". "Dropped": "got off". "Entered in another car": "enter" haitaki "in", na hata bila "in" ni zito mno kwa haisi, hivyo "got on a minibus". "The conductor passed me": konda alisahau kumshusha. "Get of": wakati uliopita na "f" ya pili vyote vimekosekana. "Took motorcycle": "a" imepotea.

Ikisahihishwa:

"I got on a bus at Mafinga at 7 in the morning. When we reached Uyole I got off and got on a minibus to Tukuyu. The conductor forgot to let me off at my stop, so I got off much farther on and took a motorcycle taxi back."

Imekaa sawa kisarufi, ila "got off" imejirudia na "got on" imeifuata mguu kwa mguu. Mwandishi mzuri atapunguza: "At Uyole I changed to a minibus for Tukuyu." Kitenzi kimoja kimebeba kushuka na kupanda. Kusahihisha kijineno ni nusu ya kazi. Nusu nyingine ni kujua wakati wa kukiacha.

Lugha ya ofisi

Katika notisi, ripoti ya ajali au kanuni za usafiri, "get on" na "get off" zinaonekana za mazungumzo mno. Badala yake kuna "board" na "alight". "Passengers must not board or alight while the bus is moving." "Board" haitaki "on", na haitumiki kwa gari dogo wala pikipiki. "Alight" inataka "from" kwa chombo na "at" kwa kituo. Kwa meli na ndege kuna "disembark". Usiyapeleke maneno haya kwenye barua ya kirafiki: kumwandikia rafiki "I alighted at Mbalizi" ni kama kumwambia kwa Kiswahili "niliteremka kutoka katika chombo cha usafiri".

Maelekezo kwa mgeni

Kazi inayodai usahihi kuliko zote ni ujumbe mfupi kwa mgeni asiyejua njia. Anausoma kwenye simu, basi linatembea, na hana wa kumuuliza. Andika kwa mpangilio wa safari yenyewe, tendo moja kwa sentensi moja, na mtangulizie alama atakayoiona kabla ya kituo ili ajiandae:

"Take the Mbeya bus from Dar es Salaam. After the Kitonga climb you will pass Ilula. Get ready there. Get off at Ipogolo, at the bottom of the hill. Do not stay on, because the next big town is Mafinga. Get your bags off first, then get into a bajaji and ask the driver to take you up to town. Call me when you get out."

Hesabu vijineno: "off" ya basi, "on" ya kubaki, "off" ya mizigo, "into" ya bajaji, "up" ya mlima, "out" ya kutoka kwenye bajaji. Mwishoni hakuna "of" kwa sababu bajaji haikutajwa tena. Badilisha kimoja tu, andika "stay on" bila "do not", au "get off first" bila "your bags", na mgeni atakuwa Mafinga, kama kilomita 80 mbele, au atakuwa amesimama Ipogolo huku begi lake likiendelea na safari ya Mbeya.